Bangi Katika Mimba na Ubongo wa Mtoto

Bangi anayovuta mama mjamzito haiishii mapafuni mwake. Kemikali yake kuu, ijulikanayo kwa kifupi kama THC, huingia kwenye damu, huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Kondo huzuia mengi, lakini THC huyeyuka katika mafuta, na kitu cha namna hiyo hupenya kuta za seli bila shida. Kwa sababu hiyohiyo hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogokidogo kwa siku nyingi baada ya msokoto wa mwisho.

Ubongo wa mtoto umo hatarini kwa sababu mwili una kemikali zake wenyewe zinazofanya kazi kupitia mlango uleule ambao THC huutumia. Ya kwanza kujulikana, anandamidi, ilitangazwa mwaka 1992 na kundi la Raphael Mechoulam wa Israeli, ambaye pamoja na Yechiel Gaoni alikuwa ameitenga THC mwaka 1964. Kwa mtu mzima kemikali hizi hurekebisha hamu ya chakula, maumivu na kumbukumbu. Kwa mtoto aliye tumboni zina kazi nzito zaidi: husaidia kuongoza seli changa za neva zihame kutoka zilikozaliwa hadi mahali pake, kisha nyuzi zake ndefu zifike kwenye seli zinazopaswa kuunganishwa nazo. Vipokezi vya kemikali hizo, yaani milango yenyewe, vimeonekana katika ubongo tangu wiki ya 14 hivi ya mimba. THC inapovishika, hutoa ishara isiyotakiwa, kwa wakati usiofaa. Fundi anayeamriwa na watu wawili kwa pamoja atajenga ukuta, ila si pale palipochorwa.

Athari ya bangi haionekani mtoto anapozaliwa kama kilema kinavyoonekana, na hapo ndipo wengi hupotoka wakadhani hakuna tatizo. Utafiti ulioanzishwa na Peter Fried mjini Ottawa, Kanada, mwaka 1978 uliwafuatilia watoto kwa miaka mingi. Akili kwa ujumla haikutofautiana, lakini watoto wa mama waliovuta sana walipungukiwa katika umakini, kumbukumbu na kujizuia. Utafiti mwingine wa Pittsburgh, Marekani, uliona utundu uliopita kiasi na umakini dhaifu kwa watoto wa miaka 10.

Wapo wanaosema lawama ni ya tumbaku, pombe na ufukara unaoandamana na bangi. Hoja hiyo ina uzito. Nchini Jamaika, Melanie Dreher na wenzake hawakuona madhara kwa watoto waliowapima, ingawa watoto hao hawakufika 100. Ndiyo maana takwimu za mkoa wa Ontario, Kanada, zilizochapishwa mwaka 2019 zina thamani kubwa: kati ya wanawake zaidi ya 600,000, watumiaji walilinganishwa na wasiotumia waliofanana nao kwa mengine, pamoja na tumbaku. Waliojifungua kabla ya wiki 37 walikuwa asilimia 10.2 kwa watumiaji, na 7.2 kwa wengine. Kwa mtoto njiti, ubongo hulazimika kumaliza nje ya tumbo kazi iliyopaswa kumalizika ndani.

Chukua mfano wa Kenya: Emali, mji wa Makueni ulio njia panda ya barabara ya Mombasa na ile ya Loitokitok, kilomita 120 hivi kutoka Nairobi, unaishi kwa wasafiri na madereva wa malori wanaolala hapo. Katika mji kama huo bangi haiji peke yake. Muguka (majani ya kusisimua yanayotafunwa), sigara na pombe viko palepale, na mjamzito anayefanya kazi za usiku hukutana navyo vyote. Uchunguzi wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulikadiria watumiaji wa bangi nchini Kenya kuwa 518,807, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Bangi ni haramu kwa sheria ya mwaka 1994, kwa hiyo mama humficha muuguzi jambo hili, au hukwepa kliniki kabisa, akakosa na vipimo vya damu na vya shinikizo la damu. Swali lililoulizwa faraghani, bila vitisho, huokoa zaidi kuliko karipio.

Wengine huvuta ili kutuliza kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Kliniki ina dawa salama zaidi za shida hiyo, na bangi ya muda mrefu yenyewe huweza kuleta kutapika kusikokoma. Kuacha wiki yoyote ya mimba kuna faida, kwa sababu ubongo hukua hadi siku ya kuzaliwa na baadaye pia.

THC hupita hata kwenye maziwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliikuta humo hadi siku sita baada ya mama kuvuta. Kukamua na kumwaga hakusaidii, kwani mafuta ya mwili huendelea kuitoa. Mama anayenyonyesha hushauriwa aache bangi, asiache kunyonyesha.