Je, Wajua? Mafuta Hukaa Mchangani

Kila zinapozuka habari za utafiti wa mafuta Ziwa Rukwa, vijiwe vya Mbeya hadi Iringa huanza kuzungumzia bahari ya mafuta iliyo chini ya ardhi. Hakuna bahari. Mafuta hukaa ndani ya mawe ya mchanga, kati ya punje na punje.

Mchanga wenyewe ni kazi ya mto. Mto Songwe huteremka kwenda Rukwa na kokoto, mchanga na tope vikiwa vimechanganyika. Ukifika ziwani unaishiwa nguvu: vizito hutua mdomoni, mchanga mbele kidogo, tope jepesi huelea hadi kilindini. Huko ni kuchekecha. Punje zikilingana ukubwa huacha upenyo, ila tope likijipenyeza huuziba. Mchanga safi wa delta, hata ukigeuka jiwe, unaweza kubaki na robo ya ujazo wake ikiwa wazi.

Ziwa nalo halitulii. Rukwa lina kina kifupi. Mvua zikizidi humeza mbuga, ukame ukija hurudi nyuma. Maelfu ya miaka iliyopita lilijaa hadi likamwagikia Ziwa Tanganyika kupitia Karema. Delta huhama nalo, tope likafunika mchanga, mchanga ukafunika tope. Tope lenye mwani uliokufa likizikwa kilomita kadhaa hupata joto na kutoa mafuta. Hayo hupanda kupitia mchanga mpaka yazuiwe na tope lililo juu.

Ziwa Albert, Uganda, yote hayo yalikutana. Tangu ugunduzi wa 2006, yanakadiriwa mapipa bilioni 6.5, lakini yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4. Mengine yatabaki humohumo mwambani. Rukwa, kampuni ya Amoco ilichimba visima vya Galula na Ivuna mwaka 1987. Mafuta ya biashara haikuyapata. Mchanga peke yake hautoshi.

Kinachoniudhi ni kusubiri mafuta huku tukidharau tulichonacho. Miamba ya Bonde la Rukwa ilitupa Rukwapithecus, jamaa wa kale wa sokwe aliyeishi miaka milioni 25 iliyopita na kutangazwa 2013. Ni shule ngapi za Mbeya zinamfundisha? Na ziwa lenyewe hatulitunzi: milimani tunakata miti, udongo unaishia ziwani, kisha tunashangaa ziwa kujaa tope.

Hata bila mafuta, miamba ya mchanga ina kazi nyingine: huhifadhi maji ya visima, hunasa gesi ya heli iliyotangazwa Rukwa 2016, hupitisha maji ya jotoardhi, na hutoa mawe ya kujengea.