Debwani: milia ya Maskati kwenye vilemba vya pwani

Kwa wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa Maskati, kitambaa chochote cha milia ya rangi rangi ni kikoi, basi. Wazee walikuwa na majina mengi zaidi, na kila jina lilikuwa na milia yake. Mojawapo ni debwani.

Kamusi hueleza debwani kuwa ni nguo ya kilemba, nyekundu nyekundu, yenye mistari, na huitaja India. Maelezo hayo hayajakamilika. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeingia bara kutokea Zanzibar mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, aliiweka debwani kwenye nguo zinazofumwa Maskati: miraba midogo ya buluu na nyeupe, na ubavuni mlia mpana mwekundu wenye kingo nyeupe na za manjano. Jirani yake katika orodha hiyo ni sohari, ambayo pindo lake jekundu limefuatana na mistari myembamba ya rangi mbalimbali.

Thamani kubwa ilikuwa pindoni. Miraba ya katikati ilifanana; ukingo ndio uliozitofautisha nguo. Ukingo uliofumwa kwa nyuzi za rangi, hasa hariri, uliitwa taraza. Mafundi wa Zanzibar nao walifuma taraza kwenye nguo zilizoletwa kutoka ng'ambo, na bei ikapanda. Merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, ilikuwa nguo ya kila siku. Nguo yenye jina ilivaliwa na mwenye cheo, na misafara iliibeba hadi bara kuwapa watemi, yaani machifu, ushuru wa njia ulioitwa hongo.

Huku Omani mfumaji aliketi ukingoni mwa shimo la kitanda cha mfumi, miguu ikikanyaga kanyagio chini, mikono ikipitisha uzi juu. Viwanda vya Ulaya vilipoanza kuiga milia hiyo kwa mashine na kuuza rahisi, soko la nguo zilizofumwa kwa mkono likadidimia.

Milia yenyewe haikupotea. Tazama picha za Masultani wa Zanzibar, kisha za Sultani Haitham wa Omani: kilemba cha buluu, nyekundu na manjano, kiitwacho Saidia, ni vazi la ukoo wa Al Said.

Basi kikoi kiite kikoi. Debwani ni nguo ya kilemba yenye miraba yake na mlia wake mwekundu. Kama kuna kipande kwenye kasha la bibi, muulize jina lake leo, uliandike.