Unga wa Uji wa Mtoto: Mchanganyiko Mwingi Si Lishe Bora

Leo tunaingia jikoni, tufunue sufuria ya uji wa mtoto.

Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Ndipo mama anapokwenda sokoni na kupimiwa kwa gorogoro: wimbi, mtama, mahindi, mchele, soya, maharagwe, njugu karanga, mbegu za mchicha, mihogo mikavu, na omena juu yake. Vyote hutiwa katika mfuko mmoja na kupelekwa kwenye mashine ya kusaga. Mama anawaza kwamba kila kimoja kina faida yake, kwa hivyo akiviweka vyote pamoja mtoto atapata faida zote.

Nia yake ni njema kabisa. Lakini kliniki tunawaona watoto wanaolishwa unga huo. Tumbo limejaa gesi. Leo choo ni kigumu, kesho anaharisha. Uzani kwenye kijitabu cha mama na mtoto umesimama pale pale. Mama anauliza, "Sista, mbona nampa kila kitu na haongezeki?" Hebu tulijibu swali hilo polepole.

Tumbo lenyewe ni dogo

Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzani wake. Mtoto wa kilo 8 ana nafasi ya mililita 240 hivi, chini kidogo ya kikombe cha mililita 250. Nafasi hiyo ikijazwa makapi ya nafaka nyingi na maji ya uji mwepesi, mtoto anashiba upesi na kugeuza uso. Wewe unaona amekula vizuri, kumbe nguvu aliyopata ni kidogo.

Chakula kimoja kinaweza kukizuia kingine

Nafaka zisizokobolewa, maharagwe, soya na njugu zina kitu kinachoitwa faiteti. Kitu hiki hushikamana na madini ya chuma na zinki ndani ya utumbo, yakatoka na choo bila kuingia mwilini. Madini ya chuma hutengeneza damu. Zinki humsaidia mtoto kukua na kupigana na maradhi, hasa kuharisha. Kwa hivyo ukirundika nafaka na mbegu nyingi katika bakuli moja, unaongeza madini na wakati huo huo unaongeza kinachoyazuia.

Hili si jambo dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Kudumaa kunaanza mapema, na miaka 2 ya kwanza ikipita ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Kila chakula huiva kwa wakati wake

Unga wa mahindi au wa wimbi huiva kwa muda mfupi. Maharagwe na soya sivyo. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na maharagwe yasiyoiva, hasa yale mekundu, yanaweza kuleta kutapika na kuharisha. Wewe mwenyewe hupiki maharagwe kwa dakika 15. Unayaloweka, unayachemsha mpaka yalainike. Yakisagwa mabichi pamoja na nafaka, uji utachemka na kuonekana tayari, lakini yenyewe hayajaiva. Hapo ndipo gesi na maumivu ya tumbo yanapotokea.

Unga huo huharibika upesi

Njugu na omena zina mafuta. Zikisagwa na kuwekwa wiki kadhaa, mafuta hayo huchacha na unga huanza kunuka. Halafu kuna hatari kubwa zaidi, nayo ni sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Kuvu hii huota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki Makueni, Kitui na sehemu jirani baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha uji hakuiondoi. Na mahindi yakishasagwa, huwezi tena kuona punje iliyooza. Kwa hivyo chambua nafaka kwa mkono kabla ya kusaga. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizonyauka zitupe. Usimpe hata ng'ombe, maana sumu hiyo hupita ikaingia kwenye maziwa.

Hutajua ni nini kilichomdhuru

Watoto wengine hawapatani na soya, njugu, ngano au samaki. Mtoto akitokwa na vipele au akitapika baada ya kula uji wa vitu 10, utakisingizia kipi? Mwanzishie chakula kipya kimoja kimoja, ukisubiri siku 2 au 3 kabla ya kuongeza kingine.

Basi nifanye nini?

Mama, huhitaji kutumia pesa nyingi. Chagua nafaka moja, kwa mfano wimbi au mahindi. Ukitaka kuchanganya, zitoshe mbili. Saga kidogo kidogo, unga wa wiki 2 hivi, na uuweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko.

Vyakula vingine usiviache. Vinaingia kwa njia nyingine. Uji ukishaiva, ongeza kimoja kati ya hivi: maziwa yaliyochemshwa, kijiko kidogo cha njugu zilizokaangwa na kusagwa laini, au kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia. Asubuhi maziwa, jioni njugu. Njugu nzima usimpe, zinaweza kumkaba.

Maharagwe au ndengu chemsha kama unavyopikia watu wa nyumbani, kisha ponda pamoja na viazi au ndizi. Omena zioshe vizuri, zipike ziive, uzisage laini na kuchanganya na ugali laini au viazi. Yai liive kabisa. Ukipata ini, hata kipande kidogo, lipike na kuliponda, kwa kuwa lina madini ya chuma kwa wingi. Kila siku mpe mboga za kijani zilizokatwa ndogo kama terere, managu au kunde, na tunda kama papai, embe au chungwa. Vitamini C iliyo kwenye matunda hayo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai usimpe mtoto, hata ya maziwa, kwa sababu majani ya chai huyazuia madini hayo hayo. Asali pia isubiri mpaka atimize mwaka 1.

Nyanya zetu walikuwa na mbinu nzuri: kuchachusha unga kwa maji usiku kucha kabla ya kupika, au kuotesha wimbi, kuianika na kuisaga ikawa kimea. Mbinu hizi hupunguza faiteti. Kimea pia hulainisha uji mzito, kwa hivyo unaweza kutia unga mwingi na mtoto bado akaumeza bila shida. Tumia maji safi, na uji huo uchemke vizuri.

Uzito na kipimo

Chota uji kwa kijiko, ukiinamishe. Ukimwagika kama maji, ni mwepesi mno. Unatakiwa ushikamane na kijiko. Mlishe kwa kikombe au bakuli na kijiko, wala si kwa chupa.

Miezi 6: anza na vijiko vikubwa 2 hadi 3, mara 2 kwa siku. Ongeza polepole.
Miezi 7 na 8: karibu nusu kikombe cha mililita 250, mara 2 hadi 3.
Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe au zaidi, mara 3 hadi 4.
Mwaka 1 hadi 2: robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara 3 hadi 4, na kitu kidogo katikati kama ndizi au parachichi mara 1 au 2.

Muda huo wote endelea kumnyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kulisha.

Usingoje nyumbani

Mpeleke mtoto kliniki kama uzani wake haujapanda tangu mara ya mwisho, au kama mhudumu wa afya wa kijiji amempima mkono na utepe ukaonyesha manjano au nyekundu. Akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka kituo cha afya, uliza vidonge vya zinki, na usimnyime titi wala chakula. Kimbia hospitali mara moja ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, anatapika kila kitu, hawezi kunyonya au kunywa, amelegea sana, au ana degedege.

Na kama tayari una gunia la ule unga wa vitu 10? Ikiwa ndani kuna soya au maharagwe yaliyosagwa mabichi, usimpikie mtoto. Ninajua ni pesa zako, na inauma. Lakini leo jioni unaweza kuanza upya na kikombe kimoja cha unga wa wimbi, maziwa kidogo na papai la sokoni. Rudi naye kliniki mwezi ujao, tumpime pamoja tuone mstari wa kijitabu unaelekea wapi.