Macho yakiingia giza ukiinama, usikimbilie miwani

KIGALI. Katika masoko ya mpakani, kuanzia Rubavu hadi Rusumo, miwani ya kusomea huuzwa juu ya turubai kwa bei ya kuelewana. Mtu wa miaka 45 anayeshindwa kusoma risiti huenda ikamtosha. Mwingine humchelewesha, kwa sababu tatizo lake haliko kwenye jicho, liko ndani ya fuvu.

Ubongo huelea katika maji yake. Yakizidi au yakikosa njia ya kutoka, shinikizo hupanda, na fuvu halina pa kutanukia. Shinikizo hilo huingia hadi kwenye ala ya neva ya jicho na kuibana. Neva ikishakufa, hakuna daktari wa kuirudisha.

Chanzo chaweza kuwa uvimbe, homa ya uti wa mgongo au damu iliyoganda kwenye mishipa ya kichwa. Upo pia ugonjwa ambao chanzo chake hakionekani. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa, hasa wenye uzito mkubwa, na wanawake ndio wengi katika biashara ndogo za mipakani. Kichwa huuma kila siku, zaidi asubuhi. Masikio huvuma kwa kufuata mapigo ya moyo. Ukiinama kuinua gunia, macho huingia giza sekunde chache, kisha hurudi. Dawa za maumivu za kila siku huficha tu.

Daktari wa macho akichungulia nyuma ya jicho huiona neva iliyovimba. Hufuata picha ya kichwa na kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Pale chanzo kisipoonekana, wengi hutibiwa kwa vidonge vya asetazolamidi na kupunguza uzito.

Kisu huja macho yanapozidi kufifia. Njia moja ni kutoboa ala ya neva ili maji yapungue, mbinu iliyoelezwa na Louis de Wecker mwaka 1872. Huokoa jicho, ingawa kichwa chaweza kuendelea kuuma. Nyingine ni mrija wa kushusha maji hadi tumboni. Huo huziba, na mgonjwa hurudi chumba cha upasuaji. Kwa watoto wenye vichwa maji, Dkt. Benjamin Warf alibuni katika hospitali ya CURE, Mbale, Uganda, upasuaji usiohitaji mrija. Utaalamu huo ulikomaa hapa hapa kwetu.

Hapa Kigali, mwenye Mutuelle huanzia kituo cha afya na kupewa barua ya rufaa hadi hospitali kubwa kama CHUK. Mpita njia kutoka Bukavu au Kabale hulipa mfukoni. Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, lakini bima ya mama wa sokoni bado hukomea kwenye kizuizi. Kwa hiyo anayevuka kutafuta tiba abebe picha na vipimo vyake vyote, asije akalipia mara mbili.