Ninga wa Pemba na Misitu Yetu

Wanafunzi wengi hapa Jinja na Mbale humwita kila ndege wa jamii hii njiwa. Kiswahili kina majina zaidi: hua, tetere, pugi na ninga. Ninga ni njiwa wa kijani anayependa matunda ya mikuyu, na huku Uganda tunaye. Lakini kisiwani Pemba yuko ninga wa aina yake, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Makala hii inaeleza kwa nini yumo hatarini, na kwa nini habari zake zinatuhusu sisi tulio mbali na bahari.

Hatari ya kuishi kisiwani

Pemba imetengwa na bara na mkondo wenye kina kirefu. Ndege waliokaa huko peke yao kwa muda mrefu sana walibadilika, wakawa aina mpya. Lakini kisiwa hicho hakifiki kilomita za mraba 1,000. Katika karne ya 19 misitu yake mingi ilifyekwa ili kupanda mikarafuu, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuharibu mashamba ya Unguja. Msitu mkubwa uliosalia ni Ngezi, kaskazini-magharibi, ambao ni hifadhi. Ninga huonekana pia mashambani, mradi miti mikubwa ya matunda ipo. Mti huo ukikatwa kwa mbao au kuni, ndege hupoteza chakula chake. Zaidi ya hayo, amekuwa akiwindwa. Ndege wa bara akifukuzwa huenda msitu wa pili. Wa kisiwani hana pa kuhamia.

Funzo kutoka Morisi

Dodo wa Morisi, ambaye naye ni wa jamii ya njiwa, alitoweka katika karne ya 17. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, njiwa wa rangi ya waridi wa kisiwa hicho hicho walikuwa wamebaki kama 10 tu porini. Wataalamu waliwazalisha vizimbani, wakawaachilia, wakapambana na panya na paka, na kurudisha miti ya asili. Leo wapo mamia. Kazi hiyo imechukua miongo kadhaa, nayo haijaisha.

Visiwa vya nchi kavu

Anayesafiri kutoka Jinja kwenda Kampala hupita Mabira, msitu uliopakana na mashamba ya miwa na chai. Huo nao ni kisiwa. Mwaka 2007, mpango wa kutoa karibu robo yake ipandwe miwa ulizusha maandamano yaliyosababisha vifo, na mpango ukasitishwa. Juu ya Mbale, msitu wa Mlima Elgon, hifadhi ya taifa tangu 1993, umezungukwa na wakulima wanaohitaji ardhi. Haja yao ni ya kweli, kama ilivyo ya Wapemba. Kwa hiyo uhifadhi usiomnufaisha mwanakijiji hauwezi kudumu.

Sisi walimu wa lugha tuna sehemu yetu. Tuwatume wanafunzi kwa wazee wakusanye majina ya njiwa na ya miti ya matunda kwa Lusoga na Lumasaaba, kisha watafute visawe vya Kiswahili. Wataona ni majina gani yanayotajwa bila mwenyewe kuonekana tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.