"NEVER": NENO DOGO, UZITO MKUBWA

Mwezi huu kwenye ukurasa wetu wa lugha tumechagua neno moja la Kiingereza: "never", tamka "neva". Ni neno dogo, ila kwenye zahanati au kwenye mahojiano linaweza kugeuza jibu lote.

"Never" ni kusema kamwe, hata mara moja. Tukipanga maneno ya mara ngapi kama ngazi, juu kabisa kuna "always", yaani siku zote. Katikati kuna "sometimes", mara nyingine. Chini kabisa ndiyo "never". Pacha wake ni "ever", ambalo tunalisikia zaidi kwenye maswali: "Have you ever smoked?" Umewahi kuvuta sigara?

Sasa mtego wa kwanza. "I never smoke" maana yake sivuti. "I have never smoked" maana yake sijawahi kuvuta tangu nizaliwe. Baba aliyevuta miaka 10 kisha akaacha anaweza kusema la kwanza, la pili hawezi. Na daktari anahitaji kujua hiyo miaka 10. Basi kabla ya kujibu tujiulize: naulizwa desturi ya leo, au maisha yangu yote?

Mtego wa pili unatunasa sisi tuliosoma Kifaransa kule Kongo na Burundi. Tumezoea "je n'ai jamais fumé", kwa hiyo tunatafsiri "I have not never smoked". Hapana! Kiingereza cha shule hukanusha mara moja tu. "Never" limeshabeba "si" ndani yake, halihitaji "not".

Mtego wa tatu ni "yes". Ukiulizwa kwa Kiswahili, "Hujawahi kuugua kifua kikuu?" unajibu, "Ndiyo, sijawahi," na kila mtu anaelewa. Kwa Kiingereza jibu ni "No, I have never had it." Ukisema "yes" peke yake, anayeandika anaweza kudhani uliugua. Neno moja hilo, na faili lako limeshabeba ugonjwa usiokuwa wako.

Dawa yake? Usijibu kwa neno moja. Toa sentensi nzima. Usipoelewa swali, sema, "Please repeat", yaani tafadhali rudia. Na kama Kiingereza bado ni kigumu, omba mkalimani, wala si aibu. Bora kuchelewa kidogo kuliko kuandikiwa jambo usilolisema.

Nyumbani jioni, mkisubiri ugali uive, mama, baba na watoto mjaribu kuulizana: Have you ever crossed Lake Tanganyika? Have you ever eaten ndagala? Anayejibu kwa sentensi nzima ndiye anauliza swali linalofuata. Watoto watatushinda, si mnajua, lakini tutajifunza pamoja.

Tukutane toleo lijalo.