Injini ya lori la zamani ikigonga: jua chanzo kabla ya kupakia

BUJUMBURA – Barabara zinazopanda kutoka katikati ya jiji la Bujumbura kwenda Kiriri si ndefu, lakini huyaumbua malori ya zamani. Lori lililokuwa likienda vizuri kwenye tambarare ya pembeni mwa Ziwa Tanganyika, likipewa mawe au saruji ya kupandisha mtaa huo wa mlimani, ndipo huanza kugonga kila dereva anapokanyaga mafuta.

Kwa mwenye lori swali huwa moja: asimamishe kazi au aendelee? Mlio huohuo unaweza kutokana na nozeli chafu, kazi ya siku moja kwa fundi wa pampu. Unaweza pia kuwa metali za konrodi zilizokwisha, na injini ikawa imebakiza safari moja tu. Anayekosea upande mmja hulipia ovahoo isiyohitajika. Anayekosea upande wa pili hupoteza injini, na pengine mzigo wa mteja.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa malori yaliyobadilishwa. Mercedes-Benz 1113 yenye injini ya OM352 ya silinda 6, au Fuso Canter yenye 4D34 ya silinda 4, hufungwa turbo, pampu ikaongezwa mafuta, ekseli ikaongezwa nyuma, au injini nzima ikatolewa kwenye gari jingine. Kitabu cha kiwanda hakilielezi tena lori hilo. Kinachobaki ni kupima kwa utaratibu.

Inagonga wakati gani?

Hatua ya kwanza haihitaji spana. Injini ya dizeli ina mlio wake wa kawaida hata ikiwa nzima, kwa hiyo cha kuangalia ni mabadiliko.

Mlio unaosikika asubuhi injini ikiwa baridi na kupotea inapopata moto, mara nyingi ni wa pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Si dharura, lakini ni onyo.

Mlio unaozidi injini ikipata moto ni wa kuogopa. Oili ikipata joto huwa nyepesi, na metali zilizoliwa hukosa utando wa oili wa kuzitenganisha na krankishafti. Metali za konrodi husikika zaidi dereva anapoachia mafuta ghafla. Zile kubwa za krankishafti hutoa mlio mzito wa chini, hasa lori likivuta mzigo.

Mlio mwepesi wa juu, unaokwenda nusu ya kasi ya krankishafti, ni wa upande wa valvu na tapeti. Mlio unaobadilika klachi ikikanyagwa hutafutwa kwenye klachi na flaiwili. Mgongo mmoja wakati wa kuwasha na kuzima tu, mara nyingi ni raba za injini, jambo la kawaida injini iliyohamishwa ikifungwa kwenye mabano ya kuchomelea. Kompresa ya breki za upepo nayo hugonga, na imewahi kusababisha injini nzima kufunguliwa bure.

Silinda moja moja

Kwa injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi anaweza kukata mafuta ya silinda moja baada ya nyingine. Injini ikiwa katika sailensa, analegeza kidogo nati ya bomba la nozeli ya kwanza, anasikiliza, anaikaza, kisha anakwenda ya pili. Mikono na macho yakae mbali na mafuta yanayoruka, na kitambaa kizuie dizeli isidondokee ekzosi ya moto. Kipimo hiki kisifanywe kamwe kwa injini za kisasa za komoni reli, ambazo presha yake huweza kupita bar 1,000 na kupenya ngozi.

Mlio usipobadilika kwa silinda yoyote, chanzo kina uwezekano mkubwa kuwa nje ya uchomaji: tapeti, gia za taimingi, kompresa au flaiwili. Ukipungua kwenye silinda moja, tatizo liko hapo. Basi nozeli ya silinda hiyo ibadilishane nafasi na ya jirani. Mlio ukihama pamoja na nozeli, ni nozeli. Ukibaki palepale, ni konrodi au pistoni.

Oili haifichi

Geji ya presha iliyofungwa moja kwa moja kwenye bloku ni ya kuaminika kuliko taa ya dashibodi. Kanuni ya mafundi ni takriban paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa ya moto. Presha ya chini pamoja na mlio mzito ni sababu ya kuzima.

Filta ya oili ikatwe na karatasi yake ikunjuliwe kwenye mwanga. Chembe zinazonaswa na sumaku ni za chuma. Chembe za rangi ya shaba zinaonyesha kuwa metali zimeliwa hadi tabaka la ndani. Hapo hakuna safari tena.

Mafuta ya madumu

Burundi ilipata uhaba mkali wa mafuta, hasa kuanzia 2022, na madereva wengi walinunua dizeli ya madumu isiyojulikana ilikotoka. Dizeli iliyochanganywa petroli huchelewa kuwaka ndani ya silinda. Mafuta hujikusanya, kisha yanalipuka kwa pamoja, na injini inagonga kwa ukali. Mafuta ya taa nayo hupunguza ulainishaji wa pampu.

Uchakachuaji huu ni biashara ya tofauti ya kodi. Ndiyo maana Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018.

Mlio ulioanza mara baada ya kujaza mafuta upimwe kwanza hivi: tangi litolewe, filta ibadilishwe, iwekwe dizeli safi. Ni gharama ndogo kuliko kufungua injini.

Turbo na mlima

Kutoka Bujumbura hadi Bugarama barabara hupanda kutoka mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000, na hewa hupungua kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo iliyoongezewa mafuta kwenye pampu hutoa moshi mweusi na joto kali bila nguvu ya maana. Kiwanda kinapotoa injini ya turbo hulinganisha pistoni, upozaji, oili na taimingi. Fundi akifunga turbo peke yake na kuwahisha taimingi, presha yote hubebwa na metali zilezile za zamani. Taimingi irudishwe kwenye alama za kiwanda kabla ya kulaumu kitu kingine.

Hesabu ya kusimama

Metali zikigunduliwa mapema, krankishafti huweza kuchongwa milimita 0.25 na kuwekewa metali za saizi hiyo. Zikiachwa, konrodi ikikatika hutoboa bloku, na hakuna cha kutengeneza.

Lori lililosimama gereji limepoteza safari. Lililokatika konrodi njiani kutoka Kobero limepoteza safari, injini, gharama ya kuvutwa na imani ya mteja. Baya zaidi ni likizimika kwenye mteremko wa Bugarama, ambako kompresa haijazi tena upepo wa breki na injini haisaidii tena kupunguza mwendo.

Mpangilio wa bei nafuu kwanza ni huu: mafuta, taimingi, nozeli, raba na kompresa, kisha filta na presha ya oili. Sampu hufunguliwa mwishoni, isipokuwa presha imeshuka au shaba imeonekana. Hapo mzigo ushushwe na kuhamishiwa lori jingine siku hiyohiyo.